Pua ya Ndege ya Kanali

Vijana, wekeni simu chini. Najua hamtaziweka, lakini nimeshasema, lawama si zangu tena.

Kiongozi wenu hapa kanisani North Buffalo ametuomba sisi wazee tuandike habari za kazi tulizofanya Marekani mpaka tukastaafu, eti ziwatie moyo. Wenzangu wameshaandika zao. Mmoja alikata kuku kiwandani, mwingine alipanga maboksi ghalani mpaka magoti yakagoma. Kazi za kueleweka. Mimi nilipotaja yangu, mjukuu wangu alicheka, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake kwamba hiyo siyo kazi, hiyo ni michezo ya watoto. Haya. Michezo hiyo ya watoto ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba aliyotambaa ndani yake.

Nilikuwa naunganisha ndege za kivita. Za plastiki, zile za boksini, za kuweka mezani. Nilifanya kazi hiyo Louisville, kwenye karakana moja kule Jeffersontown, katikati ya maghala, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mteja ananunua boksi lake dukani, anafika nyumbani, anafungua, anakuta mamia ya vipande vidogo vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, ni mishale mitupu. Anafunga boksi. Anatuletea sisi. Wamarekani wana pesa ya kununua tatizo na pesa nyingine ya kumlipa mtu alitatue, na siwasemi vibaya, nimekula kwa tabia hiyo.

Sasa chekeni. Mimi ni Mrundi. Niliondoka kwetu nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kambini Kigoma, nikahojiwa miaka na miaka na watu wenye mafaili, nikaapa mbele yao kwamba sijawahi kushika silaha ya aina yoyote. Nikapandishwa ndege, nikashushwa Louisville, na kazi ya kwanza ya maana niliyoipata ikawa kubandika mabomu chini ya mabawa. Mungu ana utani wake, na hachagui wa kumtania.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kentucky tuliyemwita Basta, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Siku ya kwanza alinipa boksi, kisu na gundi, kisha akaninyang'anya gundi. Wiki nzima nilijaribisha vipande vikavu: bawa la kushoto, bawa la kulia, mkia, nitoe, nirudishe. Nilidhani ananidharau. Kumbe alijua kwamba picha ya juu ya boksi inadanganya na mishale ya karatasini inadanganya, lakini vipande viwili ukivikutanisha vikavu vinasema kweli. Ama vinakaa, ama vinaacha mwanya wa kupitisha ukucha. Ukishatia gundi, umeshafunga ndoa, na mambo ya kuachana yana gharama.

Mengine nilijifunza kwa ngozi yangu. Gundi ya kukauka haraka usiitumie karibu na kioo cha rubani, mvuke wake unakiachia ukungu mweupe, rubani anaonekana kama yuko bafuni. Gundi hiyohiyo usiishike ukiwa umebanwa na haja. Mimi nilikwenda chooni bawa likiwa limeganda kidoleni, na nikarudi nalo. Kipande kidogo usikibane sana kwa kibano, kitaruka. Kikiruka, usianze kusogeza meza na kulaumu wenzako. Piga magoti, laza tochi sambamba na sakafu, kivuli chake kitakuonyesha kilipo. Usukani wa ndege moja tuliutafuta Ijumaa nzima, ukaja kupatikana Jumapili kanisani, ndani ya ukosi wa shati langu, katikati ya sala. Nilisema amina kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Na uzito wa puani. Hili shikeni. Jeti nyingi husimama kwa miguu mitatu, mmoja mbele, miwili nyuma, na plastiki karibu yote iko upande wa nyuma. Usipotia uzito puani kabla ya kufunga bodi, yaani kugandisha nusu zake mbili, utamaliza ndege, utaipaka rangi, utaiweka mbele ya mteja, nayo itainua pua juu ikalie mkia mbele ya watu wote. Hapo huna la kufanya. Bodi imeshafungwa. Sisi tulitumia goroli ndogo za chuma, zilikaa kwenye kopo la kahawa, tukazigandisha kwa gundi ngumu ile ya kuchanganya tyubu mbili.

Wateja wetu walikuwa wa namna mbili. Wapo waliotaka ndege nzuri. Hao walikuja, wakaona inang'aa, wakashukuru, wakaondoka. Halafu wapo tuliowaita watu wa milimita. Mtu wa milimita hataki ndege nzuri, anataka ndege ya kweli, iliyopungua ukubwa tu. Anakuja na michoro. Anakuja na picha za zamani. Mimi kwetu kijani ni kijani, rangi ya majani, tumemaliza. Kwa mtu wa milimita kijani kina ukoo mzima: baba, mashangazi, na mtoto wa nje ambaye hapaswi kuonekana kwenye ndege ya mwaka ule.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Gahanna, huko Columbus karibu na uwanja wa ndege, tuliyempa jina la Kanali. Sidhani kama alikuwa kanali. Aliendesha gari kwa zaidi ya saa tatu kutufuata Louisville kwa sababu mafundi wa kwao walishamkimbia. Ndege aliyoitaka ilikuwa jeti aliyoirusha mwenyewe ujanani, na ugomvi wake ulikuwa mmoja tu: pua. Alisema waliotengeneza boksi lile wamekosea, pua ni nyembamba, imefinywa. Mafundi wawili wa karakana yetu walishamtengenezea, mara zote akapima kwa kile kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akatikisa kichwa, akairudisha. Tulimweleza kwamba pua imetoka kiwandani hivyo. Alijibu kwamba yeye alikaa nyuma ya pua hiyo usiku na mchana, anaijua kuliko kiwanda.

Boksi la tatu likabaki rafuni. Hakuna aliyelitaka, hata mimi nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Ndipo akaja Mama Furaha. Huyu alikuwa mama wa Uvira, tuliimba naye kwaya moja Louisville, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha, mpaka siku moja mgongo ukamkatalia akiwa amemshika mzee wa watu mikononi. Daktari akasema kuinua mizigo basi, kusimama kutwa basi. Jamani, Louisville mtu asiyeinua mizigo na asiyesimama kutwa anaajiriwa wapi? Alizunguka maghala yote. Kila mahali wanamuuliza anaweza kuinua ratili ngapi.

Nikamwendea bosi wetu, Bwana Wendel, mtu wa kutafuna peremende kutwa na kukwepa kusema hapana. Nikamwambia yupo mama ana vidole vya kusuka nywele, kinachomfaa ni kazi ya kukaa tu. Akatafuna, akatafuna, akasema: "Kuna kiti kimoja. Amalize ndege moja, mteja aikubali, kiti ni chake. Mteja akiikataa, Zakaria, usiniletee mtu mwingine wa kanisani kwenu."

Na ndege iliyokuwapo ni ipi? Ya Kanali. Tena safari hii na haraka, kwa sababu Kanali alikuwa na mkutano Columbus na wenzake waliorusha ndege pamoja, waliobaki, na alitaka aende nayo. Angekuja kuichukua Jumamosi saa sita mchana.

Mama Furaha alipoliona boksi alinitazama.

"Papa Zakaria, miye sijue ndege. Minajua tu kuzikimbia."

"Hizi haziruki, mama. Kaa."

Akakaa, na mkishamwona mtu anakaa vile hamtasahau. Alikaa polepole, mkono kiunoni, akafumba macho, akapumua. Kisha akashika kisu. Bwana wee, mikono ile! Alikata vipande kutoka kwenye fremu bila kuacha kovu. Alisugua msasa kwa maji, taratibu, huku anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya bila sauti ya kwanza, mpaka mafundi wengine wakaomba aimbe wimbo mzima. Nilianza kuwa na matumaini.

Alhamisi nilikuwa na miadi ya daktari wa meno. Nikamwachia maelekezo: leo unafunga bodi, lakini kabla ya kufunga jaza uzito puani, ujaze kabisa, usisahau. Akaitikia. Nikaenda kung'olewa jino. Jioni nilimpigia, mdomo umekufa ganzi, nikamuuliza kama ametia uzito. "Nimejaza yote, Papa. Inasimama muzuri." Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Ijumaa asubuhi nimeingia karakana, namkuta amesimama mbele ya meza, mkono shavuni. Mtu wa mgongo ule akisimama bila sababu, ujue kuna jambo.

"Papa Zakaria, pua imevimba."

"Imevimba nini? Plastiki haivimbi."

"Bon. Hii imevimba."

Nikavaa miwani. Kweli, mshono wa juu ya pua ulikuwa umefunguka kuanzia nchani mpaka karibu na kioo cha rubani, na mshono wa chini vilevile. Nusu mbili za pua zimesukumana kando, kila moja imeshika njia yake. Nikaangaza tochi kwenye mwanya. Ndani kulikuwa na kitu chekundu, laini, kimechubuka ngozi.

"Mama Furaha, hiki ni nini?"

"Maharage."

"Maharage yamefikaje puani mwa jeti?"

"Donc, weye ulisema uzito!"

Ikabidi nivute kiti mimi. Kumbe kopo la goroli lilikuwa tupu. Aliogopa kumuuliza Bwana Wendel, siku za majaribio asionekane hajui. Na Alhamisi ndiyo siku ambayo akina mama wa kwaya waligawana maharage ya chakula cha Jumapili, kila mmoja achambue ya kwake. Yeye alikuja na fungu lake kazini, akayachambua wakati wa chakula cha mchana, mawe huku, mazima huku. Akapima mkononi, akaona yana uzito. Akajaza pua. Gundi ngumu hakuijua, akamimina ile nyeupe ya maji ya kubandikia karatasi, kwa wingi, ili yasicheze. Maharage makavu kwenye maji, mama zenu watawaambia yanafanya nini. Yalikunywa gundi usiku kucha.

Nilifoka, kwa nini niwafiche. Nilisema yote yaliyonijia, kwa Kirundi, ili mafundi wengine wasijue. Yeye aliweka mkono kiunoni. Alikaa chini akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye msasa.

"Banaenda kunirudisha kubeba batu," alisema. "Papa, mugongo yangu haiwezi tena. Miye mwenyewe njo naisikia, si ule daktari. Haiwezi. Na batoto banakula wapi?"

Hasira yangu ikaisha hapohapo. Nilimwonea uchungu kiasi kwamba nilitaka kulia naye, ila pengo la jino lilikuwa linaniuma na vilio viwili singeviweza.

Nikajaribu kuyachokoa yale maharage. Wapi! Gundi ilikuwa imeyashika na yenyewe yameshika plastiki, ningeendelea ningevunja pua nzima. Boksi jingine halikuwapo, na Kanali anakuja kesho. Nikamwambia futa machozi, hatuna la kufanya ila kuziba. Tukachukua kifuniko cha kopo la mtindi, plastiki yake nyembamba na inashika gundi vizuri. Nikakata vipande viwili virefu, nikavipachika kwenye mianya, juu na chini. Tukapaka puti ya kuzibia nyufa, ikakauka, akasugua. Tukapaka tena, akasugua tena, safari hii bila kuimba. Mchana tukapaka rangi, kijani chote cha ukoo ule. Jioni tukabandika stika, zile za kulowekwa kwenye maji zikateleza juu ya rangi. Ukiitazama ilikuwa ndege. Lakini mimi niliyekuwa naijua niliona pua nene, na nilijua kuna mtu anakuja na kipimo.

Jumamosi Kanali akafika kabla ya saa sita. Bwana Wendel akasimama kando anatafuna. Mama Furaha alijificha nyuma yangu, ameshika shati langu kwa ngumi. Mzee akaiweka ndege chini ya taa. Ikasimama kwa miguu mitatu, haikutikisika, hilo nililitegemea. Akatoa kile kipimo. Akapima mabawa, akaguna. Akapima mkia, akaguna. Akafika puani.

Akapima. Akatazama mchoro wake. Akapima tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akapima kwa mara nyingine. Nyuma yangu nilisikia "Yesu, Yesu, Yesu", na shati linazidi kukaza shingoni.

"Nani ametengeneza hii pua?"

Bwana Wendel, shujaa wetu, akanyoosha kidole upesi: "Yule mama pale. Yuko kwenye majaribio tu."

Kanali akamtazama Mama Furaha. Akaweka kipimo mezani.

"Miaka yote nawaambia watu pua hii ni nyembamba," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kila fundi ananijibu imetoka kiwandani hivyo, haiwezekani. Huyu hakunijibu kitu. Ameipanua. Ameipanua pale pale panapotakiwa." Akainama, akaitazama ndege kwa mbele, usawa wa macho, muda mrefu. "Hii hapa. Hii ndiyo niliyokaa ndani yake."

Nilimtafsiria Mama Furaha. Hakuamini, aliniuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa, nami sikuwa na hakika. Kanali akamsogelea ampe mkono, akamuuliza amefanyaje. Mama Furaha, mtu asiyejua uongo, akafungua mdomo amwambie. Mzee akamzuia kwa kiganja: "La, la. Usiniambie. Fundi ana haki na siri yake."

"Anasema nini?" Mama Furaha akaninong'oneza.

"Anasema nyamaza."

"Aksanti Yesu."

Kanali akaondoka na ndege yake, akaifungia mkanda wa gari kiti cha mbele. Na kwa ninavyojua maharage yale yako Gahanna mpaka leo, kwenye kabati la kioo, yanaangaliwa na wageni.

Jumatatu nilimweleza Bwana Wendel ukweli, kwa sababu angeujua tu, goroli zilikuwa zimekwisha na mtu angeuliza puani tulitia nini. Alicheka mpaka peremende ikampalia. Kisha akaacha kucheka, akafikiri. Watu wa milimita wanaongea wao kwa wao, na habari za pua ya Kanali zilishafika mbali. Maboksi ya jeti ile yakaanza kumiminika. Tukawa tunapanua pua kwa vipande vya plastiki peke yake, goroli ndani, maharage tukayaachia sufuria, na Mama Furaha ndiye aliyesugua kila moja.

Baadaye karakana ikapeleka ndege zetu kwenye maonyesho huko Columbus, na mimi nikaenda kubeba maboksi. Kha! Namkuta Bwana Wendel amesimama mbele ya umati, mikono inacheza hewani, anaeleza jinsi yeye, baada ya utafiti wa muda mrefu, alivyobuni mbinu ya kusahihisha pua. Utafiti! Mama Furaha hakumtaja. Mimi hakunitaja. Hata kifuniko cha mtindi hakukitaja.

Nilirudi Jeffersontown natokwa na moshi. Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mama Furaha, nikamwambia yote, nikamwambia twende sasa hivi kwa yule mtu, tumwambie mbele ya mafundi wote kwamba pua ni yako, jina lako lazima litajwe. Nilikuwa napiga meza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akapuliza vumbi la puti kwenye bawa.

"Papa Zakaria, weye unapenda sana jina," alisema. "Muache achukue jina. Miye nilikuja kuchukua kiti."

Akaegemeza mgongo, akaniomba nimpe msasa.